Andika Tulichokiona

Jioni moja nilipata ujumbe kutoka Marekani. Aliyeniandikia ni binti ambaye zamani mama yake alikuwa akiuza vitenge katika soko la pamoja la Nyarugusu, wilayani Kasulu, kabla soko lile halijafungwa. Sisi tulikuwa tunapeleka maharage na unga wa muhogo, wao wanatuuzia vitenge na sabuni, na watoto wa pande zote mbili tunacheza chini ya meza. Kambi yenyewe ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita ya Zaire, nchi ambayo mwaka uliofuata ikawa Kongo tena. Binti huyu alizaliwa humo kambini. Baadaye familia yao ilipata bahati ya kuhamishiwa Marekani, na sasa yuko sekondari huko.

Ujumbe wake ulikuwa hivi: "Shikamoo kaka. Shuleni wananiambia niandike kwa nini nastahili kuingizwa katika chama cha heshima cha wanafunzi. Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta. Wewe si unajiita mwandishi? Nisaidie. Nitajisifu vipi bila kuonekana najisifu?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Sisi tumelelewa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu anayesimama mbele za watu akasema "mimi ni hodari, mimi ni mwema, nipeni kiti" tunamwona ana walakini. Hata kwenye posa hujisemei mwenyewe, unatafuta mshenga. Sasa mtoto wa watu anaambiwa achukue kalamu ajiposee!

Chama chenyewe kinaitwa National Honor Society. Kilianzishwa mwaka 1921 na umoja wa wakuu wa shule za sekondari wa Marekani. Kina kaka zake wakubwa kwenye vyuo vikuu, na mkongwe kuliko wote ni Phi Beta Kappa, kilichozaliwa mwaka 1776 katika Chuo cha William & Mary kule Virginia, mwaka uleule Wamarekani walipojitangazia uhuru. Mwanafunzi anayetaka kuingia kwenye kile cha sekondari anapimwa kwa mambo manne: usomi, utumishi, uongozi na tabia. Kisha walimu watano wanakaa, wanaamua.

Niliposoma hayo manne nikacheka peke yangu. Kumbe ni fomu yetu ileile! Wewe uliyesoma sekondari hapa nchini unaijua ile karatasi ya tabia na mwenendo inayokuja na ripoti: kufanya kazi kwa bidii, utunzaji wa mali, ushirikiano, heshima, utii, usafi, uaminifu, uongozi, michezo. Mbele ya kila neno kuna herufi. Mimi kwenye uongozi nilipata C mfululizo, kwa kuwa sikuwahi kuwa hata monita wa kufuta ubao, na sidhani kama kuna mtu aliwahi kuniuliza nina maoni gani kuhusu C hiyo.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Kule mtoto anajiandikia sababu zake. Huku kwetu, tangu shule zilipoingia, sababu za mtu kustahili zimeandikwa na mwingine. Nikaanza kufuatilia: ni nani hao waliokuwa wakituandikia, na waliandika nini?

Tuanzie Tabora, ndugu msomaji. Mwaka 1925 Waingereza walifungua pale shule ya serikali ambayo shabaha yake haikufichwa: ilikuwa shule ya wana wa machifu. Mwaka huohuo aliingia nchini Gavana Donald Cameron na siasa yake ya kutawala kupitia wenyeji wenye vyeo, na utawala wa namna hiyo ulihitaji vijana wanaojua kuandika hesabu za kodi bila kusahau wao ni wana wa nani. Basi sababu ya kustahili ilikuwa moja tu, tena haikuhitaji barua wala mtihani. Baba yako ni nani?

Huku Buha mamwami walikuwepo, Heru, Muhambwe, Buyungu na kwingineko, kila mmoja na nchi yake. Mtoto wa Mwami alikuwa na mlango. Mtoto wa mlima mtama alikuwa na jembe. (Halafu angalia vichekesho vya historia: shule ile ilikuwa ya wana wa kiume, lakini Heru yenyewe, hapa Kasulu, katika miaka ya mwisho ya ukoloni ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare.) Polepole mlango ule wa Tabora ukapanuliwa. Julius Nyerere alipopokelewa pale mwaka 1937 alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, ndiyo, lakini vilevile alikuwa amefanya vizuri sana shuleni Mwisenge, Musoma. Damu na alama zikaanza kukaa kiti kimoja.

Na yule mwenye jembe? Naye alichaguliwa, tena kwa wingi. Kasulu na Kibondo zilikuwa ghala la vibarua wa mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU, na vijana wa Kiha wakapandishwa magari na treni hadi Tanga. Watu wakawaita manamba, maana kule mtu alijulikana kwa namba yake. Manamba naye alipimwa kama anastahili: kifua, mikono, magoti. Hakuna aliyemwuliza anajua nini. Akishafika anapewa kipande, na kila siku ya kazi iliyomalizika inawekewa alama mpaka kipande kijae.

Babu yangu mzaa baba alikwenda huko mara mbili. Watu walipokuwa wakizungumza habari za vyeti yeye alikuwa akisema, "Changu ni kile kipande cha Tanga. Nilifaulu siku zote thelathini." Tulikuwa tunacheka. Sasa sicheki sana.

Uhuru ulikuja 1961, na 1963 serikali ikaufuta uchifu. Mlango wa damu ukafungwa. Zikabaki alama za mtihani, na watu wengi wakadhani haki imepatikana, maana mtihani haujui baba yako ni nani. Lakini nafasi zilikuwa chache mno. Katika Elimu ya Kujitegemea, andiko la Machi 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba kati ya watoto 100 wanaomaliza shule ya msingi ni kama 13 tu waliopata nafasi ya kwenda sekondari. Hao wengine 87 walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Hivi kweli wote hao hawakustahili?

Mwalimu lilimkera hilo, na alikuwa na jibu lake. Mwaka 1964, alipowasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alitoa mfano ambao nikiusoma hunijia sura ya vijiji vya huku. Alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji wamekusanya chakula chote kilichobaki, wakampa mtu mmoja, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Akila chakula kile halafu asirudi, amewasaliti.

Zingatia kwamba katika mfano huu hakuna anayeuliza kama mtu yule alikuwa bora kuliko wenzake. Kijiji hakikumpa chakula kama zawadi ya ubora. Kimemkopesha. Kwa hiyo kustahili, kwa hesabu ya Mwalimu, hakukuwa jambo la nyuma yako bali la mbele yako, na waliochangia chakula ndio watakaopima.

Wasomi wa kwanza hawakuupokea mfano huo kwa vifijo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kuwa la lazima. Walitakiwa kutumikia miaka miwili, sehemu kubwa ya mshahara wao ikikatwa. Wengine walivaa majoho yao ya kitaaluma, na kulikuwa na bango lililosema afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawatimua karibu wanafunzi 400 warudi makwao. Wengi wao waliruhusiwa kurudi chuoni mwaka uliofuata.

Joho kwenye maandamano! Mimi nikiwa mtu ninayetaka kuandika riwaya, sura hiyo sitaisahau. Joho ni vazi la heshima, linasema "huyu ameshastahili". Wakalivaa kwenda kumwambia Rais kwamba hawadaiwi na mtu.

Miaka minane baadaye Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, Novemba 1974, na likatoka Azimio la Musoma. Watu wengi wanalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote, lililotakiwa kukamilika 1977. Lakini lilikuwa na mkono wa pili. Tangu hapo kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuweza tena kutoka darasani akaingia moja kwa moja Chuo Kikuu. Apitie kwanza jeshini. Kisha afanye kazi angalau miaka miwili. Kisha aombe, na maombi yake yaambatane na barua ya mwajiri wake na barua ya tawi la chama. Cheti cha mtihani peke yake hakikutosha. Walitakiwa watu waliokuona ukiishi, wasaini.

Hapa ndipo baba yangu mkubwa anapoingia.

Alimaliza kidato cha sita 1975, akaenda jeshini, kisha akarudi kufundisha shule ya msingi kijijini kwao upande wa Kibondo. Kijiji chenyewe kilikuwa na umri mdogo. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ndiyo iliyowatoa watu mabondeni na kwenye mashamba yao ya zamani, ikawapanga kandokando ya barabara. Kwa sheria ya vijiji ya 1975, mwenyekiti wa kijiji na mwenyekiti wa tawi la chama alikuwa mtu yuleyule. Mwaka 1978 TANU ilikuwa imekwisha kuungana na ASP kuwa CCM, lakini vijijini sura zilikuwa zilezile. Basi kijana akapiga hodi kwa mwenyekiti.

Nimemsikia akisimulia habari hii mara nyingi, kila mara akiongeza chumvi kidogo, lakini kiini hakibadiliki. Mwenyekiti alikuwa mzee mkulima. Kusoma alijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, anasoma kwa kidole, kuandika kunamchosha. Akamwambia, "Mwalimu, kalamu unayo wewe. Kaa hapo uandike, mimi nitasema."

Kwa hiyo kijana akawa karani wa barua yake mwenyewe. Mzee akasema: andika kwamba huyu hachelewi kwenye shamba la kijiji. Akaandika. Andika kwamba mvua ilipobomoa darasa alifyatua matofali na watoto, hakukaa ofisini. Akaandika. Andika kwamba hanywi pombe siku za kazi. Hapo kijana akasita kidogo, akaandika. Akangoja. Mzee akawa amenyamaza anatafuna kitu.

"Mzee, naomba tuongeze kwamba nilipata daraja la pili kidato cha sita."

"Hilo sisi tuliliona?"

"Cheti ninacho, mzee."

"Cheti utawaonyesha wenyewe huko. Hii ni barua yetu. Andika tulichokiona."

Baba mkubwa anasema alisikia joto masikioni. Miaka kumi na mitatu darasani, usiku na kibatari, kufukuzana na Historia na Jiografia, halafu kwenye barua inayomwombea Chuo Kikuu panakosekana hata neno moja kuhusu usomi! Yapo matofali, ipo pombe. Akaona aibu kuipeleka. Lakini mzee alikuwa bado hajamaliza. Akauliza, "Ukisoma utarudi?" Kijana akasema ndiyo. "Basi andika: atarudi." Akaandika. Mzee akachukua muhuri, akaupuliza kama mtu anayepuliza uji, akaugonga.

Alipokelewa. Alisoma Dar es Salaam miaka mitatu, akaajiriwa serikalini, akapangiwa kazi kusini, kisha kanda ya ziwa, kisha Dodoma. Likizo alikuja, misiba alikuja. Kurudi hasa, kurudi kwa kukaa, ni 2014 alipostaafu akiwa na miaka sitini. Alikuja na bati za kuezekea nyumba, mabuku mengi na ugonjwa wa sukari. Mwenyekiti alikuwa amekufa zamani.

Nilimwuliza mara moja, bila adabu pengine, kama anaona alitimiza lile neno. Aliniangalia akasema, "Hawakuandika lini." Halafu akacheka, lakini alicheka peke yake, na siku hiyo hatukuzungumza tena.

Sisemi utaratibu ule ulikuwa mtamu. Barua ya kusainiwa na mwenyekiti inaweza kuwa daraja na inaweza kuwa rungu. Kijana ambaye baba yake amegombana na mwenyekiti kuhusu mpaka wa shamba, angeandikiwa nini? Kijana mpole asiyeonekana mikutanoni, je? Na kuna jambo kubwa zaidi lililojitokeza mapema sana: idadi ya wanawake walioingia Chuo Kikuu ilishuka. Msichana aliyerudishwa nyumbani miaka miwili aonekane na jamii, jamii ilimwona kweli, ikamwoza. Ikabidi mwaka 1976 wanawake waondolewe sharti hilo. Katikati ya miaka ya 1980 sharti lenyewe likaachwa, na alama zikarudi kwenye kiti zikiwa peke yake, au karibu peke yake.

Nasema karibu, kwa sababu kulikuwa na mgawo. Tangu miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, ili mikoa iliyoachwa nyuma na mkoloni isibaki nje. Mtoto wa Kigoma aliweza kuchaguliwa kwa alama ambazo Kilimanjaro au Kagera zisingemfikisha popote. Wenzetu wa huko hawakukaa kulia, walijenga shule za binafsi kwa nguvu zao, na hilo ni la kuwasifu.

Baba yangu mzazi alikwenda sekondari kwa mgawo huo. Bwenini alitaniwa mpaka anamaliza: "Wewe si wa mgawo?" Yeye ni mtu wa maneno machache, lakini nakumbuka kaka yangu aliposhinda mtihani wa darasa la saba, baba aliuliza jambo moja tu: amepata ngapi. Alitaka kuiona ile namba kwa macho yake. Nadhani alikuwa anajibu utani wa miaka thelathini nyuma. Hebu pima mwenyewe: baba yake alikwenda Tanga kwa kifua, yeye akaenda shule kwa mgawo, na wote wawili walitoka wilaya ileile, kwa sababu ileile, kwamba huku palifanywa pa kutoa vibarua na si pa kujenga shule. Kama babu alidaiwa mkonge, mimi naona mgawo ulikuwa ni chenji iliyochelewa. Lakini nani angemweleza hivyo bwenini?

Leo mambo yamebadilika. Mpango wa sekondari ulioanza 2004 ulileta shule za kata kila upande, na 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne ikafutwa kwenye shule za serikali. Watoto wanaopita mlangoni ni wengi, vita vimehamia mbele. Ila lile neno tabia halikutoka. Kwa kanuni za mwaka 2002, mwanafunzi aliweza kufukuzwa kwa kosa la kimaadili, na wasichana waliopata mimba walitolewa shuleni kwa mlango huo. Mwaka 2017 likaja tamko kutoka juu kabisa kwamba hawatarudi. Ilikuwa Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi shule za kawaida baada ya kujifungua. Darasani kwetu walikuwa wawili walioondoka hivyo, mmoja alikuwa akinifundisha hesabu. Kwenye fomu ya tabia huyo alikuwa na A ya ushirikiano.

Basi nikarudi kwa binti yangu wa Marekani na swali lake, na siku zilikuwa zimebaki tatu.

Rasimu aliyonitumia ilikuwa imejaa maneno makubwa. Mimi ni kiongozi wa kuzaliwa. Mimi nina ari ya kuleta mabadiliko. Nadhani aliyaokota kwa wenzake, na siwezi kumlaumu. Nikampigia simu nikamwuliza: hapo shuleni na nyumbani, mtu akikutazama bila wewe kujua, anakuona unafanya nini? Akanyamaza. Akasema, hakuna cha maana kaka. Nikasema taja hivyohivyo.

Akataja. Kwamba Jumamosi anakwenda na mama yake hospitali, kwa kuwa mama hajui Kiingereza, na daktari anazungumza haraka. Kwamba mtaani kwao zipo familia nyingine tatu zilizotoka Nyarugusu, na barua za shule na za umeme zikija zinaletwa kwake asome. Kwamba wadogo zake anawasaidia masomo ya nyumbani kwanza, ya kwake anayafanya usiku. Kwamba mwaka wa kwanza alipata alama mbaya ya Kiingereza, wa pili afadhali, sasa anapata A.

"Hayo ndiyo utumishi na uongozi wenyewe," nikamwambia.

"Lakini kaka, hayo si ni kazi za nyumbani tu?"

Nilimsimulia habari za baba mkubwa na mwenyekiti. Alicheka sana pale kwenye pombe. Halafu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa: "Na mimi niandike kwamba nitarudi? Nirudi wapi?"

Hapo kalamu yangu iliishiwa wino, ndugu msomaji. Wazazi wake wametoka Kongo. Yeye kazaliwa Kasulu, mahali ambapo hakuhesabiwa kuwa mwenyeji. Kijiji kilichomchangia chakula ni kipi? Ni foleni ya mgao wa unga pale kambini? Ni mama zetu waliompa mama yake maharage kwa mkopo sokoni? Ni walipa kodi wa Marekani? Nilimwambia sehemu hiyo aiache, chama chao hakijamwuliza. Baada ya kukata simu nikaona nimemjibu kikarani.

Aliandika ukurasa mmoja, kwa Kiingereza chake, akanitumia picha. Mwishoni alikuwa ameweka sentensi moja ambayo sikumfundisha: kwamba zile familia tatu akiondoka hapo kwenda chuo zitahitaji mtu mwingine wa kuwasomea barua, na ameshaanza kumfundisha mdogo wake.

Nilipokwenda Kibondo nikamchukulia baba mkubwa karatasi ile kwenye simu. Alivaa miwani, akaikuza kwa vidole viwili, akaisoma yote taratibu akinifasiria mimi kana kwamba sijui Kiingereza. Alipofika kwenye ile sentensi ya mwisho alirudia mara mbili. Kisha akashusha simu chini mpaka mwisho wa ukurasa, akaitelezesha tena juu, tena chini, kama mtu aliyepoteza kitu.

"Muhuri uko wapi?" akauliza.

Nikamwambia hakuna muhuri, baba, ameandika na kusaini mwenyewe, walimu wake watano ndio watakaoamua.

"Mwenyewe?" akasema. Akavua miwani, akanirudishia simu. "Na hao watano, wamewahi kumwona hiyo Jumamosi hospitali?"